Nani Kasema Kwaya ni Burudani Tu?

Kuna sentensi moja inanichosha kila ninapoisikia kwenye mijadala yetu ya fasihi: "Nyimbo haziangushi serikali." Husemwa na wasomi, tena kwa sauti ya kufunga mjadala. Shairi la kitabuni tunalipima vina na mizani, lakini kwaya ikitajwa tunawaachia wachungaji na kamati za sherehe. Mimi nauita huo uvivu wa uhakiki.

Twende Afrika Kusini. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Ilikuwa sala ya kuimbwa na kwaya, kwa mtindo wa tenzi za kanisani. Januari 1912, kilipoanzishwa kule Bloemfontein chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, wimbo huo uliimbwa mkutanoni. Mwaka 1927 S.E.K. Mqhayi, mshairi mkubwa wa Kixhosa, akauongezea beti. Jamani, mshairi wa hadhi hiyo hakuona haya kuandikia wanakwaya. Haya yetu inatoka wapi? Nasi Watanzania tunausimamia wima wimbo huohuo kwa maneno ya Kiswahili, halafu tunasema kwaya siyo fasihi!

Kisha yupo Vuyisile Mini, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi kutoka Port Elizabeth, mwenye sauti nzito ya besi. Alitunga wimbo wa kumwonya Verwoerd, msanifu mkuu wa ubaguzi wa rangi. Sauti yake ni ya uchangamfu kiasi kwamba asiyejua lugha angeweza kudhani ni wimbo wa harusi. Mini alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964 pamoja na wenzake wawili. Alikuwa amekataa kuokoa maisha yake kwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, na alikwenda kitanzini akiimba. Mwaka uliofuata wimbo wake ukatoka kwenye albamu ya Miriam Makeba na Harry Belafonte, albamu iliyoshinda tuzo ya Grammy. Dola ilimuua mtunzi, wimbo ukavuka bahari.

Wapenzi wa fasihi, hapo pana suala la umbo, na umbo ndiyo kazi yetu. Mwanzilishi anatupa mstari, kundi linaitikia. Aliyefika sasa hivi anaingia kwenye kiitikio bila kufundishwa. Jina la waziri likibadilika, mstari unabadilika papo hapo. Hakuna karatasi ya polisi kunyang'anya, na watu elfu moja wakiimba pamoja, utamkamata nani kama mwandishi? Riwaya ilipigwa marufuku kirahisi kwa sababu ina jalada na jina. Wimbo wa kundi unakaa kifuani.

Waliouelewa vizuri ni askari jela. Mandela anasimulia katika Long Walk to Freedom jinsi wafungwa wa Robben Island walivyoimba wakiwa kazini machimboni, hadi mlinzi mmoja aliyejua Kixhosa akang'amua maana ya maneno. Kuimba kukapigwa marufuku, hata kupiga mluzi. Kama nyimbo hazina nguvu, mluzi ulikuwa unamtisha nani?

Sidai kwamba kwaya peke yake iliondoa ubaguzi. Kulikuwa na migomo, vikwazo, bunduki na miaka ya jela. Ila mgomo unahitaji watu wasiokimbia, na mtu anayesikia sauti ya jirani yake ikishika ya tatu huku yeye ameshika besi anajua hayuko peke yake. Hiyo ni kazi ya kisiasa.

Sasa turudi kwetu. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimesikiliza kwaya nyingi kwenye mikutano ya hadhara. Sauti safi, sare zimepigwa pasi, maneno yote ni ya kumsifu mheshimiwa aliyekaa kivulini. Watawala wetu hawajawahi kuamini kwamba kwaya ni burudani tu. Wangekuwa wanaamini hivyo, wasingeigharamia. Kenya ya Moi ilijaa kwaya za sifa. Lakini mwaka 2002 umati uliuchukua wimbo wa kanisani kuhusu imani, ukachomeka jina la Moi, na sala ikageuka kuwa kwaheri. Desemba 30, Uhuru Park, akikabidhi madaraka kwa Kibaki, Moi aliusikia kwa masikio yake.

Tofauti ya kwaya hizo mbili iko kwenye maneno, na kusoma maneno ndiyo kazi tunayojidai kuiweza. Basi tuzisikilize kwaya zetu kama tunavyosoma diwani: nani katunga, nani kalipa, nani anatajwa, nani kaachwa. Mlinzi wa Robben Island alifanya uhakiki huo bila digrii. Sisi wenye digrii tunangoja nini?