Kodi ya Miezi Sita Inatuhamisha Magomeni

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero yetu wapangaji wa Magomeni, Dar es Salaam. Nimepanga hapa chumba na sebule mwaka wa tisa sasa. Choo tunachangia kaya nne, luku ni moja, na kila umeme ukiisha mtoto mmoja hupita mlango kwa mlango na kikopo cha plastiki akikusanya mchango. Hata hivyo, sitaki kuhama. Nikipanda basi la mwendokasi kituo cha Mapipa, navuka bonde la Msimbazi na kufika Kariakoo kabla duka halijafunguliwa. Jirani yangu aliyehamia Chanika anaamka saa kumi alfajiri.

Kinachotuumiza si bei ya chumba. Ni kudaiwa kodi ya miezi sita, au mwaka mzima, kwa mkupuo, na juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Mshahara tunalipwa kwa mwezi, mama ntilie anapata kwa siku. Hela za miezi sita zitoke wapi? Januari, kodi na ada ya shule viligongana. Niliuza cherehani yangu, niliyokuwa nikishonea sare za watoto jioni.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Wabunge watuletee nyingine, mpangaji alipe mwezi kwa mwezi. Najua mwenye nyumba anahofia kutorokwa. Amana ya mwezi mmoja ingemtosha.

Mkataba wangu unaisha Juni.

Mpangaji,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam