"Bonyeza Hapa" Ni Wapi?

Wasee wa Busia na Malaba, hii "bonyeza hapa" kwa linki zenu iishe. Hapa ni wapi? Busia ziko mbili, Malaba pia mbili: ya Kenya na ya Uganda. Google husoma maneno ya linki ijue ukurasa unahusu nini.

Una gesti? Linki moja iandike "gesti Busia Kenya", nyingine "vyumba karibu na mpaka wa Busia", nyingine "pa kulala kabla ya kuingia Uganda". Kila mteja hutafuta kivyake. Lakini usitapakaze maneno yale yale kila saiti. Tangu 2012 Google hushusha wajanja hao.

Wazee wa baiskeli hapa mpakani waliita "boda boda!" na abiria akajua anapelekwa wapi. Usipojitaja vizuri, mteja wako atalala ng'ambo.