Filamu ya Kutisha na Filamu ya Kuchuuza

Kijana mmoja wa hapa Kitendaguro ametuletea swali ambalo tumeona si haki kulijibu kwa neno moja barazani. Asema kwamba baba yake alimkataza kuitazama Shumileta, kwa kuwa ni filamu ya majini na ya kutisha. Walakini usiku uo huo nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, waliketi wakaitazama filamu ya Idi Amin iliyofanywa mwaka 1981, kwa hoja kwamba ile ni tarikh. Naye usiku ule hakupata usingizi. Auliza: Je, ile ya Amin nayo si filamu ya kutisha? Na ikiwa siyo, ni ya namna gani?

Twamjibu kwamba siyo, ijapokuwa imemtisha. Iko katika jamii nyingine ya filamu, ambayo wenyewe Wazungu huiita eksploitesheni. Neno hilo kwao lina maana ya kumnyonya mtu, na pia lina maana ya kukitumia kitu hata kikuletee faida. Watu wa sinema wa Marekani walilitumia hapo kale kwa zile mbinu za kuinadi filamu, yaani mabango, vishindo na ahadi za mlangoni. Kwa Kiswahili hatujaona jina lililozoeleka, basi katika ukurasa huu tutaziita filamu za kuchuuza. Wachuuzi wa soko la Bukoba watuwie radhi, maana wao huuza ndizi na dagaa wao wenyewe, wala hawauzi msiba wa jirani.

Tuanze na ile iliyokatazwa. Filamu ya kutisha hujulikana kwa kile inachokusudia kukitia moyoni mwa mtazamaji, nacho ni hofu. Yaweza kuwa na jini, mfu aliyefufuka, au mtu mwenye wazimu aliyeshika kisu. Yaweza kufanywa kwa mali nyingi au kwa kamera moja ya mkopo. Huku kwetu mfano wake ni Nsyuka ya mwaka 2003 na hiyo Shumileta ya mwaka 2005, zote mbili za Mussa Banzi. Mwenye kuzitazama ajua tangu mwanzo kwamba anasimuliwa hadithi, kama vile watoto wa zamani walivyosimuliwa habari za mazimwi kando ya moto, wakajifunika shuka, na asubuhi wakaenda kuchota maji pasipo madhara. Damu yake ni rangi, na maiti wake huinuka wakaenda kula chakula cha mchana. Kama yafaa au haifai Muislamu kuzitazama filamu za majini, hilo ni suala la masheikh, nasi hatulifungui hapa.

Ama filamu ya kuchuuza, hiyo haijulikani kwa hofu wala kwa kicheko. Hujulikana kwa biashara yake. Mwenye kuifanya huanza na bango, kisha ndipo atafutapo hadithi ya kulijaza. Hujiuliza: Ni jambo gani ambalo watu wanatamani kuliona nao wanaona haya kusema kwamba wanalitamani? Akiisha kulipata, likiwa ni uchi, au ulevi, au mauaji yaliyotoka magazetini juzi, hulipiga picha kwa haraka na kwa gharama ndogo, habari ingali moto. Na kwa kuwa ajua kwamba atalaumiwa, huivika filamu yake kanzu ya heshima: huiita funzo, au huiita kweli tupu.

Mfano mkubwa wa hila hiyo ni filamu ya Kimarekani iitwayo Mom and Dad, ya mwaka 1945. Wakati huo makampuni makubwa ya sinema ya kule yalikuwa yamefungwa na kanuni za adabu zilizotiwa nguvu mwaka 1934, na waliokuwa nje ya kanuni hizo ndio waliochuuza yaliyokatazwa. Kroger Babb aliizungusha filamu hiyo mji kwa mji. Ilikuwa ni kisa cha binti aliyepata mimba kwa sababu mama yake hakumfundisha mambo ya utu uzima, na ndani yake mkatiwa picha za kweli za mwanamke akizaa. Wanawake waliitazama saa zao na wanaume saa zao, kana kwamba ni darasa. Katikati ya filamu alisimama mtu aliyeitwa Elliot Forbes akatoa hotuba ya afya, kisha vitabu vikauzwa. Huyo Elliot Forbes hakuwa mtu mmoja, bali lilikuwa jina walilopewa wasemaji wengi waliotumwa miji mbalimbali kwa wakati mmoja! Sisi tufundishao watoto chuoni twakiri kwamba hila hii yatukera kuliko jini lolote la Shumileta, kwa kuwa imevaa vazi la mwalimu.

Basi tofauti ndiyo hiyo: kutisha ni namna ya hadithi, na kuchuuza ni namna ya biashara. Kwa hiyo filamu moja yaweza kuwa yote mawili. Cannibal Holocaust ya Mwitalia Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, ni ya kutisha, na ikajifanya kuwa picha za kweli hata mwenyewe akafikishwa mahakamani kwao, ikambidi aonyeshe kwamba waigizaji wake wangali hai. Wanyama walioonekana wakichinjwa ndani yake, kobe mkubwa wa mtoni akiwa mmoja wao, hao hawakuigiza. Waliuawa kweli kwa ajili ya tiketi.

Sasa turudi kwa Amin. Filamu ile ilifanywa Kenya na Sharad Patel, miaka miwili tu baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyeigiza Amin ni Mkenya Joseph Olita, aliyefanana naye mno. Mle ndani yumo hata Denis Hills, yule Mwingereza aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka 1975 kisha akaachiliwa, akijiigiza mwenyewe. Mambo mengi yaliyomo yalitokea kweli, wala hatusemi kwamba ni uongo mtupu. Si haja yetu kumtetea Amin kwa sababu alikuwa Muislamu. Sisi wa Kagera tu watu wa mwisho wa kumtetea. Waliouawa katika utawala wake, baadhi ya makadirio huwafikisha 300,000.

Lakini tazama ni nini kilichowekwa mbele ya macho. Vichwa vya watu ndani ya friji, na Amin akila nyama ya mtu, jambo ambalo lilikuwa uvumi na halikupata kuthibitishwa. Katika filamu halisimuliwi kama uvumi. Laonyeshwa, kwa sababu ndilo liuzikalo. Aliyeketi kuitazama kwa nia ya kujua tarikh atainuka akilikumbuka friji.

Na tarikh yenyewe ilipita mlangoni petu. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilitupa mabomu hapa Bukoba, vioo vikavunjika na watu wakaingiwa na kiwewe. Mwisho wa mwezi huo majeshi ya Amin yakavuka mpaka, yakaikalia nchi yote hata mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na watu kwa maelfu wakaacha migomba yao wakakimbilia kusini. Sisi tulio na umri wa miaka hamsini na kitu tulikuwa watoto. Lile gofu la kanisa pale Kyaka lasimama hata leo, na nauli ya kufika huko si kubwa. Mzee aliyekimbia na godoro kichwani ana habari ambazo haziwezi kujaza bango, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyekuja kuzinunua.

Iko filamu nyingine inayotugusa zaidi, nayo ni Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika, ya mwaka 1966. Waitalia Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, waliokuwa wamekwisha kujipatia sifa kwa Mondo Cane ya mwaka 1962, walipita juu ya Unguja siku za mapinduzi ya Januari 1964, wakapiga picha kutoka angani: watu wakikimbia, makaburi ya pamoja, maiti wamelala. Hawa hawakuwa waigizaji. Walikuwa Waislamu wenye majina na watoto, na heshima ya maiti katika dini yetu haihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa gazeti hili. Katika sehemu ya Kongo ya filamu iyo hiyo watu wauawa mbele ya kamera, na Jacopetti alishitakiwa kwao kwa tuhuma kwamba mauaji yalipangwa yafanyike kwa ajili ya picha, mahakama ikamwachia. Mwaka 1970 mfanyabiashara wa Marekani aliikata ikawa fupi, akaiita Africa Blood and Guts, maana yake damu na matumbo, na Jacopetti mwenyewe akaikana. Maiti ni wale wale. Lililobadilika ni bango.

Hata hivyo neno hapa si jepesi. Za mauaji yale ya Unguja karibu hakuna picha nyingine za mwendo. Wapo jamaa za waliouawa, visiwani na Oman, ambao huzitafuta picha hizo na kuzitazama polepole. Kilichochukuliwa kwa uchuuzi kimegeuka kuwa ushahidi mikononi mwao. Sisi twaweza kumwambia mzazi asiiweke filamu ile mbele ya watoto kwa jina la tarikh, lakini hatuthubutu kumkataza mtu kutazama mahali ambapo huenda baba yake amelala.

Kijana wetu ameuliza pia juu ya wale wanaozitafsiri filamu kwa sauti zao katika mabanda ya video. Hilo tutalijibu mwezi ujao, inshaallah.