Minara Migori na Homa Bay isipotambuana, simu hukatika

AGHALABU simu inapokatika ghafla katika kaunti za Migori na Homa Bay, lawama huelekezwa kwa uhaba wa minara. Lakini mnara mpya hautafaa kitu endapo iliyopo haitambuani.

Kila mnara huwa na orodha ya majirani wake. Msafiri anapozungumza akitoka Rongo kuelekea Migori, simu yake hupima mawimbi ya majirani hao na kutuma ripoti, kisha mtandao huamua ni mnara upi utakaopokezwa mazungumzo. Jirani asiyekuwemo orodhani hapokezwi chochote, hata mawimbi yake yakiwa na nguvu kuliko yote.

Ziwa Victoria limeifanya kazi hii kuwa ngumu maradufu. Juu ya maji hakuna kilima wala msitu wa kuzuia mawimbi, hivyo mnara ulio Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, huweza kuhudumia simu iliyo Mbita. Ikiwa orodha yake ina majirani wa Siaya pekee, mwenye simu akiondoka ufuoni na milima ikaukinga mnara huo, hana wa kumpokea. Isitoshe, mitambo ya kizazi cha 2 kwa kawaida haihudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata mawimbi yakifika. Kwa mvuvi ambaye injini imemzimikia usiku, hilo si suala la usumbufu tu.

Zamani wahandisi walizijaza orodha hizi kwa mkono, na kila mnara ulipoongezwa zilipaswa kurekebishwa. Mitambo ya kizazi cha 4 inaweza kuwatambua majirani wapya yenyewe. Hata hivyo, ile ya zamani ingali inahitaji jicho la mhandisi, na hapo ndipo kampuni za simu zinapostahili kubanwa, badala ya kusifiwa kwa idadi ya minara.

Mpakani Isebania hali ni tofauti. Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, na mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana kupunguza gharama, Tanzania haikuwemo. Mipango yote miwili ilihusu bei. Orodha za majirani hazikuvuka mpaka, na simu inayokatika kati ya Isebania na Sirare hupigwa upya.