Mgonjwa wa Parkinson asiachwe kitini

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani kutoka Ukerewe, aliletwa kwangu na binti yake. Alitembea kwa hatua fupi za kuburuza miguu, na alipofika mlangoni alikwama. "Daktari, baba amezeeka tu," binti alisema. Haukuwa uzee. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huu hutokea pale seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini zinapokufa kidogo kidogo. Mikono hutetemeka, misuli hukakamaa, hatua hufupika na mgonjwa huanguka mara kwa mara. Wengine husema amerogwa, na wengi humwacha akae tu.

Takwimu za hapa nchini zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulibaini wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kugunduliwa wala kutibiwa.

Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti mwingine kutoka kaskazini mwa Tanzania. Wagonjwa ambao hawakuwa wakitumia dawa walifundishwa kwa wiki tatu kutembea wakifuata mdundo wa kifaa kidogo. Kasi yao iliongezeka na hatua zikarefuka. Utafiti ulikuwa mdogo, na hausemi kwamba mazoezi yachukue nafasi ya dawa. Lakini umeonyesha kwamba mgonjwa wa kijijini anaweza kusaidiwa bila mashine za gharama.

Siri iko kwenye mdundo. Parkinson huharibu sehemu ya ubongo inayopanga hatua bila sisi kufikiria. Sauti ya nje humpa mgonjwa kipimo cha kufuata. Wavuvi wanaovuta wavu kwa wimbo wanalijua hilo: sauti moja, mkono mmoja.

Hapa Kanda ya Ziwa tuna Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Lakini mgonjwa wa visiwani hawezi kupanda kivuko kila wiki kufuata mazoezi. Huduma za utengamao zinapaswa kumfuata alipo: wahudumu wa zahanati wafundishwe dalili na mazoezi ya msingi, na familia zielekezwe namna ya kuyaendeleza nyumbani.

Kama una mgonjwa nyumbani, mpeleke kwanza hospitali apimwe. Akipewa dawa, asiziache kwa sababu ya mazoezi. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuelekeze, kisha tembea naye kila siku mahali pasipo na vikwazo, ukihesabu kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili. Kaa karibu naye asije akaanguka. Akikwama, usimvute. Mwache asimame vizuri, kisha anza kuhesabu upya.

Siku ile binti alihesabu, na baba yake akautoka mlango kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa amepona, ila alijua kwamba kiti si hukumu yake.