Leseni ya kukopesha si leseni ya kudhalilisha

Ujumbe unaingia kwenye simu ya shemeji, ya mwalimu wa mtoto, ya mwenye nyumba na ya mteja aliyewahi kuagiza mchele mara moja. Unasema fulani ni tapeli na amekimbia na fedha za watu, na picha yake imewekwa chini. Fulani mwenyewe hajakimbia popote. Yuko gengeni kwake anapanga nyanya, amechelewa rejesho kwa siku mbili. Siku aliyopakua programu ya mkopo, simu ilimuuliza kama anaruhusu isome majina aliyohifadhi. Alibonyeza "kubali" kwa sababu mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na kwa kubonyeza huko akawaweka dhamana watu wote anaowajua bila wao kuulizwa.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ilikuwa hatua sahihi. Lakini programu iliyofungiwa leo huweza kurudi kesho kwa jina jingine na rangi nyingine, na orodha haimfikii mkopeshaji mwenye meza, daftari na vijana wawili wa pikipiki wa kufuatilia wadaiwa. Huyo ndiye ambaye mikopo yake wananchi wameipa jina la kausha damu.

Tuchukue mfano wa hesabu ya mtaani. Mama lishe anaomba 100,000. Inakatwa 10,000 ya fomu, anapewa mkononi 90,000. Anatakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, yaani 130,000. Anaambiwa riba ni asilimia 30, na hata hiyo si kweli. Amelipa 40,000 juu ya fedha aliyopokea, tena alianza kurejesha siku iliyofuata, kabla mtaji haujazunguka hata mara moja. Ukipiga wastani wa mwezi mzima, fedha ya mkopeshaji iliyokaa mikononi mwake ni kama nusu tu ya ile aliyopewa. Wakati huohuo, ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la mkopeshaji huyo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 100,000, hiyo ni 3,500.

Akikosa marejesho, kinachofuata hakipiti mahakamani. Godoro linabebwa, friji na jiko la gesi vinafuata, watoto wakitazama. Kama alikopa kwenye kikundi, wenzake wanalazimika kuchanga kumfidia, na undugu uliojengwa kwa miaka kwenye misiba na harusi unavunjika kwa deni lisilofika laki mbili.

Wakopeshaji wanayo hoja, na tunaiheshimu. Wanasema hawamlazimishi mtu, mkopaji ni mtu mzima aliyesaini kwa hiari yake, na wao ndio pekee wanaothubutu kumkopesha asiye na hati ya nyumba wala mshahara wa benki. Ni kweli kwamba benki hazimtaki mama lishe. Ni kweli pia kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, aliyokuwa akiitegemea, utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa. Anayetaka wakopeshaji wadogo wafutwe wote atuambie kwanza mtaji wa kesho asubuhi utatoka wapi.

Nchi hii pia inajua madhara ya Serikali kushika kila kitu. Mwaka 1967 benki zilitaifishwa, na hadi sheria ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi, mfanyabiashara mdogo hakuwa na pengine pa kugonga. Wenye umri wanakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, bei zilipopangwa na Serikali na sabuni ikatafutwa kwa magendo. Hatutaki kurudi huko, na gazeti hili halitashabikia amri yoyote inayoigiza zama hizo.

Majirani zetu wa Kenya wametupa somo la karibu zaidi. Mwaka 2016 walipitisha sheria iliyozibana benki zisitoze riba inayozidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Nia ilikuwa njema. Benki zikaona mkopaji mdogo hana faida tena, zikamwacha, zikanunua hati fungani za Serikali. Watu wakahamia kwenye mikopo ya simu, ambako sheria ile haikugusa na makali yalikuwa makubwa zaidi. Novemba 2019 ukomo ule ukafutwa. Kilichosaidia kikaja baadaye, katika kanuni za Machi 2022 zilizogusa mwenendo wa mkopeshaji: lazima awe na leseni, aeleze gharama zote mapema, na ni marufuku kumtishia mdaiwa au kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu yake.

Hapo ndipo tunaposimama. Uhuru wa kukopesha ubaki, lakini mkopaji aione gharama yote kwa shilingi kabla ya kuweka dole gumba. Ukomo wa riba peke yake unazungukwa kwa ada ya fomu, ada ya usimamizi, bima isiyojulikana na faini ya kuchelewa. Benki Kuu iagize kila mkataba ubebe, juu kabisa na kwa Kiswahili, mistari miwili: fedha utakayopewa mkononi, na fedha yote utakayorudisha.

Sheria hatukosi. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na tume yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisimamia pale mkopo unapotolewa. Na mtu huyo yupo tayari. Wakopeshaji wengi hawatoi fedha bila barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Maana yake muhuri wa ofisi ya umma umo ndani ya mikataba hii, na mwenyekiti wa mtaa anajua nani anakopesha mtaani kwake na kwa masharti gani. Halmashauri zielekeze kwamba barua hiyo isitolewe kwa mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu, na majina ya wenye leseni yabandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa. Mwenyekiti anayegonga muhuri kwa mkopeshaji haramu awajibishwe pamoja naye.

Kwa mikopo ya mtandaoni, njia ni fupi zaidi. Programu inaweza kubadilisha jina kila wiki, lakini fedha inatoka na kurudi kupitia akaunti na namba za malipo za kampuni za simu, na kila namba imesajiliwa kwa jina la mtu au kampuni. Benki Kuu ndiyo inayosimamia mifumo hiyo ya malipo. Iziagize kampuni za simu zisitishe namba zote za wakopeshaji wasio na leseni, iweke wazi majina ya wamiliki wa namba hizo, na itoe muda mfupi, wa siku 30, kabla ya kampuni itakayoendelea kuzipitisha fedha hizo kutozwa faini.