Mchoro Usiotaka Rula



Watoto wetu wengi hapa Tanzania husoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Katika miaka hiyo mzazi huweza kuketi na mwanawe jioni, akamsikiliza, akamsahihishia kujumlisha na kugawanya. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, lugha ya darasani hugeuka kuwa Kiingereza, na mzazi huanza kujiondoa kidogo kidogo, akiamini kwamba yaliyobaki ni ya mwalimu peke yake.

Baada ya muda si mrefu kijana hukutana na milinganyo ya kipeo cha pili, na baadaye huagizwa kuichora kwenye grafu. Hujaza jedwali asilolielewa, huunganisha nukta kwa rula, hupewa alama ya mkosi, na hatimaye hujihukumu mwenyewe kwamba Hisabati si somo lake. Hukumu hiyo hutolewa na mtoto wa miaka 14 au 15, nayo humfungia njia ya uhandisi, ya uhasibu na ya udaktari kabla hajajua kuwa njia hizo zipo. Sote tunafahamu kwamba kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu mdogo kabisa katika mtihani wa kidato cha nne.

Ninalotaka kusema wiki hii ni jambo moja. Wazo lililomo ndani ya grafu hii halihitaji Kiingereza, na mzazi aliyeishia darasa la 7 anaweza kulifungua mbele ya mwanawe. Anahitaji njiti 20 za kiberiti, penseli na karatasi ya miraba midogo.

Mwambie mtoto: tuna uzio wa mita 20, tunataka kujenga zizi la mbuzi lenye umbo la mstatili, na kila njiti ni mita moja. Njiti zote zitumike. Je, zizi lipi litakuwa na nafasi kubwa zaidi? Watoto wengi hujibu upesi kwamba mazizi yote yatakuwa sawa, kwa kuwa uzio ni ule ule. Usimkatalie. Mwache apange njiti mezani.

Zizi lenye upana wa mita 1 litakuwa na urefu wa mita 9, na eneo lake ni mita za mraba 9. Upana ukiwa 2, urefu ni 8, na eneo ni 16. Upana ukiwa 3, eneo ni 21. Ukiwa 4, ni 24. Ukiwa 5, ni 25. Kisha linatokea la kushangaza: upana ukiwa 6, eneo linarudi 24, halafu 21, halafu 16, halafu 9. Hapo mtoto amekwisha kutengeneza jedwali kwa mikono yake, na kila namba iliyomo anaijua ilikotoka.

Sasa achore. Upana uwekwe kwenye mhimili mlalo, eneo kwenye mhimili wima, na kila zizi liwe nukta moja. Akishika rula ili aunganishe nukta, muulize kwanza: hatua kati ya nukta na nukta zinalingana? Kutoka 9 hadi 16 ni hatua ya 7. Kutoka 16 hadi 21 ni 5. Kisha 3, kisha 1. Baada ya hapo eneo linashuka kwa 1, kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Muuza maandazi anayeuza kila andazi kwa shilingi 200 hupata hatua zinazolingana daima, na mchoro wa mapato yake hunyooka. Hatua za zizi letu hupungua kwa 2 kila mara, ndiyo maana mchoro wake hupinda, hufika kileleni, kisha hugeuka. Mtoto aliyeliona hilo hatahitaji kukatazwa rula tena.

Baada ya kuona, ndipo herufi ziingie. Upana tuuite x. Urefu utakuwa 10 – x, na eneo litakuwa x(10 – x), yaani 10x – x². Hiyo x iliyozidishwa kwa x ndiyo inayoupinda mchoro. Mwambie pia akunje karatasi kwenye mstari wa wima unaopita upana wa 5. Ataona upande wa kushoto umelala sawasawa juu ya upande wa kulia. Mkunjo huo ndio mstari wa ulinganifu, na kilele hukaa juu yake. Atakapoambiwa darasani autafute kwa kanuni, atajua anatafuta kitu gani.

Kutoka hapo aende kwenye mchoro wa y = x², akitumia thamani za x kuanzia –3 hadi 3. Ukitazama madaftari ya wanafunzi wengi, utakuta makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni kuandika kwamba –3 ikizidishwa kwa –3 ni –9. Jibu ni 9, kwa sababu hasi mara hasi huwa chanya. Kikokotoo nacho huweza kumdanganya: akibonyeza –3 na alama ya kipeo cha pili bila mabano, vikokotoo vingi vitampa –9. La pili ni kuchukua namba chanya peke yake, akapata nusu ya mchoro. La tatu ni kuufanya mchoro uwe na ncha kali pale chini kwenye sifuri. Mwambie ajaribu nusu: nusu mara nusu ni robo. Akiiweka nukta hiyo, ataona kwamba mchoro hupita kwenye sifuri kwa mviringo laini, kama kitako cha bakuli.

Bakuli hilo ni msaada mzuri wa kumbukumbu. Ikiwa x² ina alama chanya, bakuli limekaa wazi juu. Ikiwa ina alama hasi, kama ilivyokuwa kwenye zizi, bakuli limefunikwa.

Kisha mpe y = x² – 4x + 3. Kabla ya kujaza jedwali lolote, muulize mchoro utakata wapi mhimili mlalo. Anatafuta x inayofanya jibu liwe sifuri, nazo ni 1 na 3. Katikati ya 1 na 3 ni 2, basi mkunjo uko kwenye 2. Akiweka 2 ndani ya mlinganyo anapata –1, hapo ndipo kitako cha bakuli. Akiweka 0 anapata 3, na kwa ulinganifu ule ule, 4 nayo itampa 3. Nukta tano zimempa mchoro mzima, na sasa jedwali linabaki kuwa njia ya kujihakikishia.

Njia hii ya kuanza na umbo ina historia ndefu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, na jina la aljebra limetoka humo. Alikusudia kitabu kiwafae watu katika mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi, na sehemu yake kubwa ni masuala ya mirathi. Mfano wake mashuhuri ni mraba ukijumlishwa na mara 10 ya ubavu wake ili upatikane 39. Alichora mraba, akaambatanisha mistatili, akajazia pembe zilizopungua kwa 25, akapata mraba mkubwa wa 64 ambao ubavu wake ni 8. Akitoa 5, jibu likawa 3. Hakuwa na herufi x wala grafu. Uchoraji wa milinganyo kwa mihimili ulienea baada ya kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637. Lakini watoto wetu tunawapa herufi siku ya kwanza na umbo siku ya mwisho, kisha tunashangaa wanapokariri bila kuelewa.

Mzazi mwenzangu, usione haya kwa kutokijua Kiingereza cha daftari lile. Mwambie mwanao akueleze mchoro wake kwa Kiswahili, nawe umuulize maswali manne: mchoro huu unahusu nini? Unageuka wapi? Kwa nini umepinda? Ukiukunja, utalingana wapi? Akiweza kukujibu, maneno ya mtihani atayashika, kwa sababu yatakuwa majina ya vitu anavyovijua. Akishindwa, mmegundua mapema mahali pa kumuuliza mwalimu, kabla ya kulipia masomo ya ziada yatakayorudia jedwali lile lile.

Jioni moja ya wiki hii, baada ya chakula, toa kiberiti, hesabu njiti 20 na umuulize kuhusu zizi la mbuzi. Na dada zake waitwe mezani pia.